Koti la Mpishi

Tangu asubuhi mpishi wa shule alikuwa akipanda kilima na wanafunzi waliokuwa matembezini, huku mvua ikimnyeshea, mkono wa kushoto ukibana kitu ndani ya koti. Kila alipoteleza alikikinga hicho kwanza, magoti baadaye. Mwaka ule sukari ilikuwa haionekani Geita nzima, na Mwalimu Ansgar alijua amekamata mwizi. Kileleni akamsimamisha mbele ya wanafunzi.

"Mzee, fungua koti!"

"Hapa mvuani, Mwalimu?"

"Hapa hapa."

Ndani mlikuwa na vijiti vikavu vya kuwashia moto, vina joto la mwili wake. Upesi akaviinamia, akaviwasha, mgongo ukipokea mvua. Wanafunzi wakauzunguka moto, wakaimba, wakachoma viazi. Ansgar alibaki pembeni, hajui auweke wapi uso wake.

"Sogea uote, Mwalimu, umelowa," mpishi alimwita. Koti lake lilikuwa bado wazi, kama alivyoamriwa.