Nilisoma "loving husband and devoted father" kwa mazishi, kijana wa marehemu akainuka akaenda

Wakuu, Bwana asifiwe.

Wewe unayesoma hii nakuchukua kama rafiki wa karibu, yule naweza kumfungulia mlango nikiwa bado na leso ya kulala. Hata mchungaji wangu sijamwambia yote.

Sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha juu wenyewe wako hai na wanaingia mtandao. Hayo mengine ni vile ilitendeka, na Mungu ananiona nikiandika.

Mimi ni mama, nimepita forty, naishi upande wa Tulia huku Kitui. Shule niliacha class five. Juzi juzi tu, watoto wangu wakiwa wakubwa, ndio nikaingia ngumbaru, yaani masomo ya jioni ya watu wazima. Watoto wa primary wakitoka, sisi tunaingia, tunakaa kwa hizo desk zao magoti ikigusa kidevu.

Mzee wangu alinicheka. "Mama Ndanu, sasa utakuwa unaniitisha chumvi na Kizungu?"

Nikachukua daftari nikaenda. Mimi nikishika kitu sijui kuachilia.

Mwalimu wetu, Madam Syombua, alikuwa na njia yake. Alituambia maneno ya Kizungu iko na marafiki, haitembei na kila mtu. Mvua haiwi "big", inakuwa "heavy". Chai haiwi "heavy", inakuwa "strong". Mistake una-"make", homework una-"do". Usiulize kwa nini, wewe shika tu nani hutembea na nani.

Alikuwa anaandika neno moja moja kwa vipande vya carton, anatugawia, halafu kila mtu anainuka kutafuta mwenzake darasani. Siku ya kwanza nilipewa "heavy". Nikazunguka nikakuta "rain" ameshikwa na Mzee Kilonzo, fundi wa viatu pale sokoni.

Akaniambia, "Haya bibi arusi, nimekungoja tangu saa kumi."

Tulicheka hadi watchman akachungulia.

Wakuu, hiyo kitu niliipenda sana. Nikipepeta ndengu naongea peke yangu: heavy rain, strong tea, make a mistake, fast asleep, deeply sorry. Ndanu, huyo msichana wangu, alidhani nimeanza kunena kwa lugha.

Sasa nieleze ya kanisa, ndio mtaelewa nilivyopotea.

Huku kwetu mazishi lazima iwe na programme. Hiyo karatasi ya kukunja iko na picha ya marehemu na eulogy, yaani habari za maisha yake, ya Kizungu. Hata kama marehemu hakuwa anajua Kizungu hata ya salamu, eulogy ni Kizungu. Bila hiyo watu wanasema familia imezika kama inatupa.

Kwa hivyo akina mama wa kanisa waliposikia nimejua Kizungu, walianza kuniletea kazi. Nikakusanya programme za zamani, nikasoma, nikaona huko pia maneno inatembea na marafiki. Husband anatembea na "loving", mume mwenye upendo. Father anatembea na "devoted", baba wa kujitolea. Ugonjwa unakuwa "bravely borne", na "memories" lazima ziwe "cherished".

Nikaona kumbe ni rahisi! Unabadilisha jina tu.

Na niseme ukweli, nilikuwa nasikia vizuri. Nikisimama na microphone, mimi wa class five, walimu na karani wa chief wamekaa wananisikiza. Nilikuwa namshukuru Mungu, lakini kuna mahali kwa roho nilikuwa najishukuru mimi.

Halafu Mzee Nzioka akafa.

Nzioka alikuwa jirani. Mke wake, Mbithe, tunaimba naye kwa kikundi cha akina mama. Kila mtu kijiji anajua Nzioka alikuwa anampiga. Sisi wenyewe tulishamweka kwa nyumba zetu zaidi ya mara moja, uso umevimba. Kijana wao wa kwanza, Mutinda, siku moja alisimama katikati yao akiwa bado form four, babake akamfukuza na panga. Akamaliza mtihani akienda shule kutoka kwa mjomba, na hakurudi nyumbani tena. Alienda Makindu, akawa fundi wa magurudumu ya malori hapo kando ya barabara ya Mombasa. Mamake alikuwa anamtembelea huko. Simu ya babake hakushika hata moja.

Mbithe alinijia mwenyewe siku mbili tatu kabla ya mazishi. Alikaa jikoni kwangu. Sikumwona akilia. Aliniambia polepole, kama mtu ameshikilia maji kwa viganja.

"Mama Ndanu, andika Nzioka alikuwa ananipiga. Usifiche, wanajua. Lakini andika pia mwaka huu wa mwisho aliacha. Nilipolala na typhoid alinipikia uji. Huyo mtu hajawahi washa jiko, uji ukaungua, sufuria ikawa nyeusi. Akaniletea hivyo hivyo. Akakaa chini, akasema, 'Mbithe, nimekukosea. Na Mutinda nimemkosea zaidi.' Uandike hivyo."

Nikamuuliza, "Si umwambie Mutinda wewe mwenyewe?"

"Nimejaribu. Ananiambia, 'Mwaitu, mama yangu, wewe umemtetea tangu nizaliwe.' Hanisikii tena juu ya babake. Lakini ikisomwa mbele ya watu, mahali kila mtu anajua ukweli, na ikianza na ile mbaya, ataamini na hiyo nzuri. Anakuja kwa sababu yangu tu. Nataka aisikie kabla ya mchanga. Asizike babake na hasira, itamkula."

Kwetu mjane hashiki microphone. Anakaa mbele amejifunika leso, wengine wanamsemea. Kwa hivyo mdomo wake ulikuwa mimi.

Nikamwambia, "Usijali, nitaandika vizuri."

Hiyo "vizuri" ndio imeniaibisha mpaka leo.

Nilikaa nikaandika, "He used to beat his wife." Nikaiangalia. Ilikuwa mbaya, wakuu, kama mtu ameingia kanisa na gumboot za matope. Nikajaribu ya uji. Kwa programme zote nilikuwa nazo hakuna mahali uji umetajwa, sembuse uji umeungua. Nikajiambia watu watacheka Kizungu changu. Nikajiambia pia, na hii ndio mbaya zaidi, eti upendo husitiri, eti namsaidia Mbithe kufunika aibu. Nikamweka Mungu mbele kama pazia.

Nikafuta yote. Nikaandika ile najua.

Siku ya mazishi watu walijaa. Mutinda alifika asubuhi na nguo safi, mikono bado ina rangi ya grease. Akasalimia mamake, akakaa mwisho wa benchi ya familia kama mtu anangojea gari.

Nikaitwa. Nikapanda.

"The late Nzioka was a loving husband and a devoted father..."

Sauti yangu ilikuwa nzuri, niliisikia. Nikaendelea na "bravely", nikaendelea na "cherished". Nilipofika katikati nikasikia kelele kidogo nyuma. Alikuwa Mzee Kimanzi, ndugu ya marehemu, alifanya kazi reli miaka mingi na Kizungu anaelewa.

Akasema kwa nguvu, "Mama, samahani. Huyo unasoma ni wa boma gani? Sisi tumekuja kuzika Nzioka."

Watu wakaangua kicheko. Kwa mazishi, wakuu! Hata wale hawajui Kizungu walicheka juu wengine wamecheka. Mchungaji akaangalia viatu vyake.

Mimi nikaendelea kusoma. Sikujua kufanya nini kingine.

Mutinda hakucheka. Aliinuka, akakunja programme mara mbili, akaiweka pole pole kwa kiti chake, picha ya babake ikiangalia chini. Akatoka. Nilimwona akipita kwa mihogo, akifika barabara, hakuangalia nyuma.

Tukaenda kaburini. Mchungaji akaita, "Mtoto wa kwanza aweke mchanga."

Watu wakaanza kugeuka kuangalia barabara.

Akaita tena. Mdogo wake, msichana, akasukumwa mbele akaweka yeye.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Mbithe. Akageuza uso ndani ya leso, akaniambia kwa sauti ya chini, haikuwa hata ya hasira:

"Nilikupatia maneno. Uliyapeleka wapi?"

Wakuu, nimezaa, nimezika mama yangu, nimeuguza. Sijawahi ulizwa swali nikakosa mahali pa kuweka uso kama siku hiyo.

Baada ya hapo niliacha kukaa mbele kanisani. Kikundi cha akina mama nikaanza kusema naumwa mgongo. Ngumbaru sikuenda. Nikipita sokoni nasikia, "Loving husband, hujambo!" Vijana wa boda waliishika wakawa wanaitana hivyo. Mzee wangu, yule alinicheka mwanzoni, hakunicheka hii. Hiyo iliuma kuliko boda.

Niliomba. Niliomba sana, nikirudia nimekosa, nimekosa. Lakini kila nikisema "amina" naona benchi ile na programme imelala juu yake. Nikajua Mungu ananiuliza kwa nini namwambia yeye na mwenye niliharibia yuko Makindu.

Nikaenda kwa Mbithe. Nilipiga magoti. Alikuwa anapembua mahindi, hakuacha.

Akasema, "Inuka, utachafua nguo. Mimi sina shida na wewe. Enda umwambie Mutinda."

Basi nikaenda. Nilishika ile barabara ya Kibwezi, nikabadilisha gari, nikafika Makindu jua likiwa kichwani. Nilimpata amelala chini ya lori, miguu tu ndio inaonekana. Nikaita jina. Akatoka, akaniangalia, akanijua.

"Ni wewe wa Kizungu."

"Ni mimi."

Nilidhani atanifukuza. Akapangusa mikono, akaniuliza kama nimekula. Hapo ndio nilitaka kulia. Mtoto huyu alilelewa na mama kweli.

Akanipeleka kwa hekalu la Masikh, wale Wahindi wa vilemba, huko wanapeana chakula kwa msafiri yeyote bure. Mimi ni mlokole, wakuu, niliogopa kidogo, sitawadanganya. Lakini tulitoa viatu, tukafunika vichwa, tukakaa chini na watu wa malori na watalii, tukapewa chapati na dengu. Hakuna mtu aliniuliza naabudu wapi.

Hapo chini ndio nikamwambia. Kwa Kikamba. Sikupamba. Nikaanza na ile mbaya, kwamba babake alikuwa anampiga mamake na kijiji chote kinajua, na mimi nilijua nikiandika. Nikamwambia ya typhoid, ya uji, ya sufuria nyeusi. Nikamwambia maneno vile Mbithe alinipa: "Na Mutinda nimemkosea zaidi."

Akaacha kutafuna.

"Uji uliungua?"

"Uliungua."

"Na akampelekea hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mamako akaunywa."

Akatikisa kichwa. "Huyo mzee hakuwa anajua hata kiberiti inawekwa wapi." Akacheka kidogo, halafu ile kicheko ikaharibika katikati, akaangalia ukuta. Nikaangalia sahani yangu, nikamwachia nafasi.

Baadaye akaniuliza, "Sasa hiyo ya devoted father, ni nani alikuambia uandike?"

"Hakuna mtu. Ni vile hayo maneno hutembea pamoja."

"Si yangetembea yaende mbali na kwetu."

Nikasema ni kweli. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe, na sikumsukuma. Akanipeleka stage, akarudi kwa lori yake.

Nilikaa bila kujua kitu mpaka mvua ikaja.

Ilikuwa kubwa mwaka huo. Kaburi changa ikinyeshewa huwa inazama, wale wa mashambani mnajua. Ya Nzioka ilizama mpaka ikawa kama karai. Asubuhi moja Mbithe akanipigia. Hakusalimia.

"Toka nje uangalie huku kwetu."

Nikatoka. Kutoka kwangu unaona boma lao. Nikaona mtu anasukuma wheelbarrow ya mchanga kutoka kando ya mto, polepole juu udongo unateleza. Anamwaga, anasawazisha na jembe, anarudi. Nilijua ile mwendo, ni ya Mutinda, ile ilipita kwa mihogo siku ya mazishi. Nilisimama hapo na leso kichwani mvua ikininyeshea, sikuingia ndani.

Alibeba mpaka kaburi ikajaa.

Jioni Mbithe alimpa Ndanu wangu aniletee kikombe kilichofunikwa na sahani. Ulikuwa uji. Haukuwa umeungua.

Nimerudi ngumbaru. Madam Syombua hana makosa, Kizungu ni vile alitufunza, na bado nasema heavy rain na strong tea. Lakini mtu si chai. Siku hizi nikiitwa kuandika eulogy, nakaa na familia nauliza marehemu alifanya nini na mikono yake. Naandika hiyo, hata ikisikika vibaya, hata kama ni Kiswahili ama Kikamba. Ile mbaya familia ikitaka isemwe, naisema. Wasipotaka, naiacha, lakini siweki nzuri ya uongo mahali pake. Wengine wameacha kuniita. Ni sawa.

Aibu haijaisha. Nikiona ile karatasi ya kukunja bado naangalia kando.

Wakuu, nambieni na nyinyi. Ushawahi sikia mtu wako akisomwa ukashindwa kumtambua? Ungetaka wangesema nini? Matusi pia leteni, nitasoma.

Na ombi moja. Kila ukoo uko na yule mtu hupewa kalamu mtu akifa, yule "anajua Kizungu". Unamjua wa kwenu. Mtumie hii leo kabla hajaitwa tena, asije akaulizwa kaburini maneno aliyopewa aliyapeleka wapi.