Mpini wa Vidole Vitatu

Mtaani walimwita Mama Tanuri, na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Alikuwa mkuu wa waokaji katika kiwanda kidogo cha mikate, mwanamke mwenye mikono minene na maneno mepesi, na ukimpa mkono asubuhi ulirudi nyumbani na unga kiganjani. Hayo ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba mama huyu, akishavua aproni, alitengeneza visu vya kuwindia.

Mwenyewe hajawahi kuwinda hata panya. Mambo yalianzia kwenye visu vya kazini, ambavyo vilikuwa butu hadi vikawa vinauponda mkate badala ya kuukata. Akaanza kuvinoa. Kutoka kunoa akaingia kutengeneza, na alipokuja kushtuka alikuwa amekwishanogewa. Mumewe, dereva mstaafu na mtani asiyechoka, alimwachia kibanda cha nyuma ya nyumba, na wageni wakimuulizia aliwajibu, "Mke wangu? Yuko huko nyuma anajinoa."

Chuma alikitoa kwenye springi kuukuu za magari. Alikifua, akakikwangua kwa tupa hadi umbo la kisu litokee, akakichoma kwenye mkaa mpaka sumaku iache kukishika, ndipo akakizamisha kwenye mafuta ya vuguvugu. Chuma kikitoka hapo kinakuwa kigumu lakini rahisi kuvunjika, ukikidondosha sakafuni kinakatika vipande. Lazima kirudishwe kwenye joto la pole ili ukali wake utulie. Wengine huhangaika sana na hatua hiyo, yeye alikuwa na tanuri la mikate. Mikate ikishatoka na joto likishashuka kiasi, bapa la kisu liliingia humo likakaa hadi ligeuke rangi ya majani makavu. Mwenye kiwanda alijua, akafumba macho, maana mkate wa mama huyu ndio uliokuwa unamweka mjini.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye mbao. Mipini aliichonga kwa kujikaza tu. Ila alikuwa na ujanja wake wa kupata kipimo: alikanda unga kwa maji na chumvi nyingi, akampa mwenye kisu alifinye donge lile kana kwamba ameshika mpini, kisha akalioka mpaka likauke kama tofali. Alama za vidole zilibaki humo, naye akachonga kwa kuzifuata.

Sasa, Mama Tanuri alikuwa na mdogo wake wa kiume, seremala wa kuaminika, na siku za mapumziko mwindaji mwenye kibali chake mfukoni. Msumeno wa mashine ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha mwisho na jirani yake. Kidonda kilipona, mwenye kidonda hakupona. Aliacha karakana, akaacha kuwinda, akautia mkono mfukoni, na mkono ukahamia huko moja kwa moja. Alisalimia kwa kushoto. Alipigana na vifungo vya shati hadi jasho limtoke, kuliko kumwomba mkewe amsaidie.

"Wifi, naishi na ukuta," mkewe alimlalamikia Mama Tanuri.

Mama Tanuri alitaka mdogo wake arudi alivyokuwa. Hilo tu. Na kwa kuwa hakujua dawa nyingine, akaamua kumtengenezea kisu.

Siku moja ndugu huyo alipita kiwandani kuchukua mkate, dada akamvamia na ombi lake.

"Nifinyie donge. Mara moja tu."

"Sitaki, dada."

"Mara moja. Sitaangalia, haki ya Mungu."

Akashusha pumzi. "Haya, fanya haraka."

Donge la chumvi halikuwa tayari, na kukaa kulikanda kungempa mtu nafasi ya kughairi. Mama Tanuri alinyofoa la kwanza lililokuwa mezani, akamsogezea, akageukia ukutani. Alikuwa ameahidi. Na tuseme ukweli, aliogopa pia, kwani tangu bendeji ifunguliwe hajawahi kuutazama ule mkono. Alipogeuka, ndugu yake alikuwa amekwishashika njia na mkono uko mfukoni. Dada akalifunika donge kwa kitambaa, akaendelea na kazi zake, na baadaye akalioka.

Kisu kile alikifanya kwa moyo wake wote. Bapa lilinyooka bila dosari, makali yake yalinyoa nywele za mkono. Mume ndiye aliyelichukua donge lililookwa, akaligeuzageuza.

"Huyu shemeji yangu amenenepa vidole?"

"Kukaa bure kunanenepesha," mke akamjibu, akaendelea kuchonga.

Jumapili akakipeleka. Mdogo wake alipokifungua, macho yalimng'aa, na dada mtu aliyaona. Taratibu ule mkono ukatoka mfukoni, ukaushika mpini. Kisu kikachezacheza. Akakikaza, kikageuka upande. Akajaribu tena, kikamponyoka na kugonga meza.



"Kizuri, dada. Kizuri sana." Akakisukuma upande wa dada yake kwa mkono wa kushoto. "Mkono wenyewe ndio umekwisha. Mpe mtu mwingine."

Mkono ukarudi mfukoni. Wifi akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai yake haijaisha.

Mama Tanuri alirudi nyumbani. Alitaka kumtoa mtu shimoni, kumbe amemsukuma ndani zaidi, tena sasa amempa na ushahidi. Hata mume, kwa mara moja maishani, alikosa utani.

Asubuhi yake alikuwa kazini, mwili upo, akili haipo. Alikata unga madonge, akayafunika kwa kitambaa, akaenda kutazama moto. Aliporudi akafunua, akayaona yamevimba, yamependeza, kila moja limekaribia kuwa mawili. Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

Hamira! Lile donge la mezani lilikuwa la mikate. Yeye, aliyezeekea kwenye tanuri, alikuwa ameyafunika maumbo ya vidole vya ndugu yake kwa kitambaa na kuyaacha yaumuke, kwa sababu mikono yake haijui kumfanyia donge jambo jingine. Na angekuwa amepiga moyo konde akautazama ule mkono japo mara moja, angeona mapema kwamba vidole vile vinene si vya mtu yeyote aliyezaliwa na mama yake.

Akawaambia wenzake waangalie moto, akachukua mkoba, kisu kikiwa bado humo, akatoka mbio na aproni yake.

Alimkuta mdogo wake amekaa kwenye ngazi za mlango.

"Siyo mkono wako!" alisema huku anahema. "Ni hamira!"

"Hamira gani, dada?"

Akamweleza, maneno yanagongana. Ndugu yake alimtazama, mdomo ukaanza kumchezacheza upande mmoja, kisha akaangua kicheko, kicheko hasa, mpaka mkewe akatoka ndani na mwiko mkononi akidhani kuna msiba.

"Yaani umeniumua vidole?"

"Nimekuumua, ndugu yangu. Nisamehe."

"Hebu kilete."

Akakitoa mkobani. Mdogo wake alikigeuza juani, na uso ukabadilika. Kicheko kikaisha.

"Na hii nayo ni nini? Nani amekufundisha kupiga msasa kwa kukata nyuzi za mbao badala ya kuzifuata? Mbao nzuri hivi, umeikwaruza utadhani una ugomvi nayo!"

Jibu lilimjia Mama Tanuri mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Mke wangu," seremala akaita, "niletee lile sanduku, liko chini ya kitanda."

Wifi hakuuliza sanduku gani. Alikwenda nusu anakimbia.

Seremala akafungua sanduku lake la vifaa, akachagua tupa ya mbao. Akazungushia bapa kitambaa, akaweka kisu kwenye goti, akasukuma. Kisu kikateleza. Akasukuma tena, kikateleza tena. Mama Tanuri alijua mkono ule ukishindwa unakimbilia wapi. Watu walikuwa wanapita barabarani, wanasalimia, na mkono uko pale gotini, mchana kweupe.

"Nishikie," ndugu yake akasema.

Tangu siku ya msumeno hakuwa amemwomba mtu yeyote amsaidie kazi ya mkono.

Mama Tanuri akapiga magoti kwenye ngazi, akalishika bapa kwa mikono miwili. Sasa akautazama. Vidole vitatu, na ngozi laini inayong'aa pale vingine vilipoishia. Mkono tu, mkono wa mdogo wake, unafanya kazi. Tupa ikaenda ikarudi, ikasimama, mkono ukaupima mpini, tupa ikaanza tena.

"Usitikisike, dada."

"Sitikisiki," akamjibu. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye aproni na mabega yanamruka, lakini kisu alikuwa amekishika imara.