Usikae Mpaka Uambiwe

Nilimsikia kabla sijafungua macho. Upande wa pili wa pazia lililogawa chumba chetu cha Ruiru, dada yangu alikuwa akisema, "Hamjambo wanajopo," anakohoa, kisha anarudia kwa sauti nzito zaidi. Alikuwa ameitwa mahojiano ya ukarani katika ofisi moja ya serikali mjini Thika. Kwenda kulimaanisha kukosa siku langoni mwa kiwanda alikopakia biskuti, na kibarua asiyeonekana asubuhi, nafasi yake hupewa aliyesimama nyuma yake.

Ploti nzima, vyumba vyote vya kupanga, ilijua. Jioni majirani waligeuza mitungi ya maji chini juu, wakaikalia kando ya kamba za nguo na kujiita jopo. Mwenyekiti alikuwa mama wa mlango wa pili. Aliwahi kwenda mahojiano ya serikali zamani akakosa kazi, na kwa sababu hiyo tulimwona mjuzi.

"Ukikaa kabla hujaambiwa, umeanguka," alisema. "Hapo ndipo wanaanzia kutoa alama."

"Na usiseme hujui," akaongeza kijana fundi wa simu. "Serikali haitaki mtu hajui."

"Kwani yenyewe inajua?" dada akauliza, tukacheka.

Fundi hakucheka. "Siz, wacha nikuambie. Hizo kazi ziko na wenyewe. Wewe unaenda kusindikiza tu."

Dada alikwenda. Nilimngoja nje kwenye benchi, na alipotoka alinipita kama hanijui. Tulipofika nyumbani alivua viatu.

"Walisema karibu. Nikasimama. Wakauliza maswali, nikajibu nikiwa wima, nangoja waseme kaa." Akasugua kisigino. "Yule mwanamke wa katikati akaniuliza kama naumwa na mgongo. Nikasema hapana. Akasema, basi kaa, mama, hicho kiti ni chako tangu uingie."

Baada ya hapo kila kitu kilimtoka kichwani. Walimuuliza angefanya nini mzee akija kutafuta faili lake na lisionekane. Kutunza mafaili ndiko alikosomea. Lakini kwa kuogopa kusema hajui lilipo, aliwakariria malengo ya ofisi yao wenyewe, moja baada ya jingine, na hakuna aliyemkatiza.

Kazi hakupata. Fundi alimletea soda. "Si nilikuambia," alisema kwa upole. "Ilikuwa na mwenyewe."

Nimeifikiria sana kauli hiyo tangu wakati huo. Pale kwetu huletwa kama chai kwenye matanga, na anayeipokea haulizwi tena chochote. Huenda hata ni kweli. Sikuwahi kujua nani aliajiriwa. Dada angeweza kuipokea, na ploti yote ingemwonea huruma kwa moyo safi. Aliinywa soda, kauli akaiacha.

"Pengine," alimwambia fundi. "Lakini hata kama haingekuwa na mtu, mimi siku ile singeipata."

Alirudi kusimama langoni mwa kiwanda, nyuma ya watu wapya, hadi siku moja wakamchukua tena. Alikuwa amezoea tena harufu ya biskuti kwenye nywele ofisi ileile ilipomwita kwa nafasi nyingine. Nikajua anajiuliza kama ataliacha lango kwa mara ya pili.

Asubuhi ya mahojiano hayo hakukuwa na hamjambo yoyote nyuma ya pazia. Nilisikia tu kijiko kikigonga kikombe. Mama wa mlango wa pili aliingia kuomba kiberiti, akavuta stuli yetu, akakaa bila kungoja kuambiwa.

"Unaenda kusindikiza tena?"

"Naenda, mama."

"Na wakikuuliza usichokijua?"

"Nitasema sijui. Halafu niwaambie vile ningetafuta."

Mama akatikisa kichwa polepole, kiberiti mkononi. Dada akaitazama ile stuli, akamtazama aliyeikalia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatabasamu. Akachukua bahasha yake, akatoka, na mlango wa mabati ukafungwa nyuma yake.