Mmea Uliokuwa na Wenyeji

Kabla hujaondoka na mbegu hiyo, mwanangu, kaa kidogo nikusimulie ilikotoka. Nakumbuka sauti kwanza, kabla sijaona mtu: ko, ko, ko barazani, kama mtu anayegonga kibuyu kwa kidole ajue kimekauka au bado. Kisha mlango ukafunguliwa kwa teke.

Nilikuwa msichana, nikiishi Makindye, Kampala, kwa Senga, dada yake baba. Wahindi walikuwa wamefukuzwa nchini, na jirani yetu, mama mmoja wa Kihindi, alimwachia Senga mmea wake wa pekee. Shina lake limevimba kama kiazi kikubwa, limefungwa kwenye gome la mti, bila udongo. Ndani mna vyumba na njia, na humo wanakaa sisimizi. Mmea unawapa nyumba, nao uchafu wao unaulisha. Hatukuwahi kuona mwingine Kampala nzima. "Nitunzie," alisema yule mama. "Nikirudi tutagawana watoto wake."

Sasa askari alisimama sebuleni ameupakata mmea aliokuwa akiugonga barazani, bunduki begani. Kijana tu, mwenye macho ya usingizi.

"Mama, Muhindi aliweka nini ndani ya hii?"

"Hakuweka kitu, sebo. Iko sisimizi."

"Sisimizi wanajengewa nyumba? Watu wanasema hao walificha dhahabu."

Siku zile mtu alichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo, asirudi. Nilikimbilia jikoni nikarudi na kisu. "Niupasue, Senga, aone mwenyewe. Si wanasema nyumba njema si mlango?"

Senga alinishika mkono, akaniambia taratibu kana kwamba askari hayupo: "Wanasema uingie ndani. Hawakusema ubomoe ukuta. Leo unampasulia huu. Kesho akinishuku mimi, utanipasua?"

Nilijiuliza: Kiazi na roho zetu, kipi bora? Hata leo sijui kama Senga alikuwa jasiri, au alikuwa amechoka kuogopa.

Aliuchukua mmea mikononi mwa askari, akapuliza kwenye tundu moja. Sisimizi wakamwagika, wengine wakamrukia askari mkononi. Akajipangusa huku akicheka, kisha akaacha kucheka.

"Hii ni kama sisi kambini," alisema. "Kila mtu iko na chumba yake."

"Una mama?" Senga akamuuliza.

"Iko. Kule kwetu, kaskazini."

Senga alichuma tunda dogo la rangi ya chungwa, akaliminya, mbegu yenye ulimbo ikanata kwenye kipande cha gome. "Mpelekee. Mwambie asiikaushe. Mahindi tunakausha, tunaweka kwenye majivu, maana akiba haiozi. Hii ikikauka imekufa. Iachwe hapo ilipo, isifukiwe, inyunyiziwe maji ya mvua. Na sisimizi wakija, asiwaue."

Askari aliliangalia gome, akatuangalia, akakiangalia kisu mkononi mwangu. Nilingoja amri. Akaliweka gome ndani ya kofia yake, akatoka. Je, aliamini? Aliona haya? Au alimkumbuka mama yake tu? Nimezeeka na maswali hayo. Yule mama wa Kihindi hakurudi, lakini watoto wa mmea wake wako kwenye kila mti wa uani kwangu.

Mwanangu, usikipasue kilicho hai ili kumridhisha mwenye shaka. Anayetaka kuamini ataamini akikiona kikipumua. Asiyetaka, atakuomba upasue na kingine. Na kheri ukiipata, ipande ikiwa mbichi, kwani ngojangoja huumiza matumbo. Mengine utaishi nayo bila kuyaelewa, kama mimi.

Mungu akupe nyumba isiyopungukiwa wenyeji, na mkono wako uoteshe popote utakapobandika. Nenda salama. Ukitoka, uvute mlango polepole mpaka ufungike, kama alivyouvuta yeye siku ile, yeye aliyeufungua kwa teke.