Ua la Salima Lililokataa Kutoboka

Salima wa mtaa wa Nyamugari, Mama Bahati kwa waliomzoea, alikuwa fundi wa kushona, na mjini Gitega hakuna aliyejivunia sebule yake kama yeye. Vita vilikuwa vimeshazoeleka, sukari imepanda bei kwa sababu ya embargo, vikwazo vya nchi jirani, lakini viti vya Salima vilivaa vitambaa vyeupe alivyovifuma mwenyewe, na mgeni aliyeegemea vibaya aliangaliwa mpaka akakaa sawa. Mumewe Mustafa, mchomelea vyuma kule Magarama, alipendelea kibao cha uani. Alisema mle ndani anaogopa kukunja kitu.

Basi mtu wa namna hiyo akaenda Muyinga kwenye ndoa ya binti wa dada yake Amisa. Salamu hazijaisha, macho yake yakatua pembeni mwa chumba. Ndani ya ndoo kuukuu kulikuwa na ua lenye majani mapana kama sinia, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na kila jani lina matobo na mipasuko iliyopangika.

"Dada, hii iko nini?"

"Maua ya msitu. Mtawa mmoja aliniachia akirudi kwao. Iko inapenda kukaa ndani, jua kali haitaki."

"Na hizi matobo, nani ameyakata?"

"Mungu," akajibu Amisa, kwa sauti ya mtu ambaye Mungu ni fundi wake wa nyumbani.

Salima alikula pilau ya arusi akiwa ameelekea pembeni kule. Wenzake walipopiga vigelegele alichelewa kidogo kila mara. Siku ya kuondoka aliomba kipande, akaomba tena, mpaka Amisa akachukua kisu na kumkatia chipukizi la chini kabisa. Lilikuwa na majani mawili madogo, mazima, hata tundu la sindano hakuna.

"Hii haina matobo."

"Iko mtoto, we Salima. Mtoto anazaliwa na meno?"

Alisafiri nalo mapajani, shina limefungwa kitambaa kibichi. Karibu na kuingia Gitega, kwenye bariyeri ya barabarani, askari aliwashusha abiria wote wafungue mizigo.

"Hii ni mboga?"

"Ni maua."

"Inatibu nini?"

"Haitibu. Ya kuangalia tu."

Askari akamtazama. Akatazama na foleni nyuma yake, watu wenye magodoro na sufuria kichwani. "Pita, mama," akasema polepole, kama mtu anavyomsemesha mgonjwa.

Salima alilipanda kwenye kopo la mafuta ya msaada, akaliweka katikati ya sebule, mahali ambapo mgeni hawezi kulikwepa. Kila Ijumaa aliyapangusa majani kwa kitambaa chenye maji. Yalitoka mapya, membamba, yamepauka, yenye mikono mirefu kama yanatafuta kitu. Hakuna lililotoboka.

Jirani yake Béatrice, Mkongomani wa upande wa Bukavu aliyeuza vitenge, alicheka mpaka akashika mlango. "Mama Bahati! Kwetu majani ya hivi tunakata na panga yasituingilie nyumba. We unayanawisha uso!"

Salima aliendelea kupangusa. Moyoni alishaamua kwamba dada yake amempa la bandia.

Ndipo wanawake wa maulidi walipotangaza kuwa zamu ya kukutana ni kwake. Mchana ule Salima alichukua mkasi wa kazini, akakunja jani la kwanza katikati kama kitambaa, akakata. Akakata la pili, na la tatu. Alikuwa na mkono mzuri, hilo halina ubishi. Wageni walistaajabu, wakamsifu Mungu. Béatrice peke yake, aliyekuja kula maandazi, alishika jani na kuligeuza. "Matobo yote sawasawa," akasema, "kama kola ya shati."

Haikupita wiki, kingo zikawa kahawia, majani yakaanza kulegea. Mustafa aliingia kuchukua koleo lake, akasimama akitafakari.

"Mama Bahati, umesahau kupiga pindo."

Mustafa alilala bila chai siku hiyo.

Kiangazi, Amisa akaja. Watu wenye silaha walikuwa wamepita vilima vya jirani na kwake, na mumewe alimpakia kwenye lori la maharage akapumzike kwa mdogo wake. Alifika na vumbi hadi kwenye kope, akaketi. Salima alisimama mbele ya ua akilikinga kwa gauni lake, lakini gauni halikutosha.

Amisa aliona. Kwanza bega lilitikisika, kisha akacheka, akateleza kwenye kiti mpaka chini, na kitambaa cheupe kikamfuata. Alicheka muda mrefu. Halafu haikuwa kicheko tena, na Salima akaketi naye sakafuni, akamshika kichwa.

Alipotulia, Amisa alifuta macho na kuangaza chumbani. "Mbona humu giza? Dirisha iko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya kabati. Tangu usiku mmoja risasi ilipovunja kioo, Mustafa alikuwa amelisogeza kabati pale, na hakuna aliyelizungumzia tena.

"Ndiyo maana. Bila mwanga haitatoboka hata ukiisomea."

"Na risasi?"

"Kwangu ilipita kwenye matofali, Salima. Kabati ya mbao itafanya nini?"

Salima akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni. Mustafa alitazama viatu vyake. "Mi nilijua," akasema. "Nililiweka ili we ulale."

Kabati lilisogezwa siku hiyohiyo, na kopo la ua likahamia karibu na dirisha. Mwanga ulipoingia, ikaonekana kwamba vile vitambaa vyeupe, fahari ya Nyamugari, vilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Béatrice alikuwepo, kwa bahati mbaya.

Mustafa alichomelea nondo dirishani, Salima akashona pazia jepesi la kuchuja jua. Amisa alibaki mpaka mvua zikaanza, na dada hao waligombana kila asubuhi: mmoja anataka kumwagilia, mwingine anatia kidole kwenye udongo na kusema bado. Kidole kilishinda. Siku moja jani jipya likajikunjua taratibu, na upande wa kushoto lilikuwa na mpasuko, mmoja tu, safi.

Walikuwa bado wanalitazama pale dirishani mwanamke aliposimama barabarani akiwashangaa.

"Kumbe mupo? Watu walisema fundi wa hapa alikimbia."

"Tupo," akasema Salima. "Ingia."

Alimpima kifua na kiuno, akamwandikia siku ya kuja kujaribu gauni, na kabla hajamwachia aende, akamshika mabega na kumgeuza aangalie jani.