Laini Itakatwa Jumatatu

Kiangazi cha mtaa wetu wa Laini Saba kilikuwa na habari nyingi kuliko maji. Januari ikishaingia, mabati yalikuwa yanalia kwa jua, vumbi la reli linaingia mpaka kwenye unga, na kila uliyekutana naye njiani ana jambo la kukupa. Choo cha upande wa juu kimejaa na mwenye ploti haonekani. Kwaya imegawanyika kwa ajili ya sare. Lindi hapo jirani kunaungua! Hapana, hakuungui, ni mtu amechoma takataka. Nguo zimeibwa kwenye kamba, tena mbichi, zikidondoka maji. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, cherehani yangu ikikaa mlangoni, na mlango wenyewe ulitazama njia. Habari gani ingenipita?

Lakini nisiwadanganye, hazikuwa zinanifurahisha. Zilinifanya nisitulie. Nilishona mshono nikaufumua, nikasimama, nikachungulia njia, nikaketi tena. Mume wangu aliniuliza nina nini. Nikamwambia, "Nina kiangazi." Akacheka. Mimi sikuwa nacheka.

Aliyenipoza ni jirani yangu. Alikuwa mama muuza makaa, mtu wa Magharibi, na mimi ni mtu wa ziwani, kwa hiyo kwanza tulianza kwa kutaniana kuhusu nani hajui kupika samaki. Ukuta wa udongo kati yetu haukufika kwenye mabati. Kwa juu hapo tulipitishiana kiberiti, chumvi, hata sufuria ya mboga ikiwa moto. Nikigombana na mume wangu, alikuwa akigonga ukuta: "Jirani, ongeza sauti kidogo, hapo mwisho sijasikia!" Basi ugomvi umeisha, nani ataendelea? Alikuwa akiishi na watoto wake wawili. Baba yao alikwenda ushago, kijijini kwao, kitambo na hakukuwa na dalili ya kurudi. Nilimpenda huyo mama. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Sasa, kwetu neno laini lilikuwa na kazi nyingi mno. Reli ni laini. Bomba la maji ni laini. Safu ya vyumba kwenye ploti ni laini, na mkisimama na mitungi mkingoja maji, mko kwenye laini. Hakuna aliyechanganyikiwa, maana mtu alikuwa anaonyesha kwa kidevu anazungumzia ipi. Alhamisi moja mwenye bomba, mtu ambaye maneno kwake yalikuwa kama meno ya kung'olewa, alifunga bomba lake akasema, "Laini itakatwa Jumatatu." Hakuonyesha kwa kidevu. Akaenda zake.

Mwezi mwingine tungecheka. Lakini wiki hiyohiyo watu wenye kamba ya kupimia walikuwa wameonekana kando ya reli, na sisi tulikuwa tumejenga maisha yetu hatua chache tu kutoka kwenye hiyo reli. Habari ilipofika kwenye cherehani yangu ilikuwa imeshaota magurudumu: tingatinga ziko Lang'ata, zinakuja Jumatatu asubuhi, nyumba zote za kando ya reli zinakatwa. Yawa!

Ijumaa hakukuwa na mtu aliyekaa. Huku wanang'oa milango, kule wanafunga magodoro kwa kamba, na kwaya iliyokuwa haisemezani ikaungana kuomba. Mume wangu alifunga vitu vyetu matita matatu makubwa. Jirani yangu naye alikuwa anakunja vyake polepole, bila kelele, na hilo lilinishangaza, kwa sababu huyo mama hata kuwasha jiko alikuwa akiwasha kwa kelele.

"Jirani," nikamwita juu ya ukuta. "Utaenda wapi?"

"Kawangware. Dada yangu yuko huko."

"Ikipita utarudi?"

"Wee funga mizigo yako."

Jumamosi mkokoteni ulikuja ukabeba kitanda, jiko, magunia na watoto juu yake. Alinikumbatia mpaka nikabaki na masizi kwenye blauzi. Nililia njiani mchana, watu wakiona, na sikujali.

Jumatatu nilisimama mlangoni na mkasi mkononi. Niliapa hiyo tingatinga itapita juu ya cherehani na mimi nikiwa nimeikalia. Ikafika saa nne. Wanaume wawili walitokea kwa miguu, mmoja na spana, mwingine na msumeno wa chuma. Wakapiga magoti kando ya njia, wakafukua kidogo, wakakata bomba la maji. Likatema matone mawili matatu likanyamaza. Wakakusanya vyombo vyao wakaondoka.

Tulimwendea mwenye bomba kwa hasira. Yeye ndiye aliyeshangaa. "Kwani nilisema laini ya nani? Si ni laini yangu? Niliwaambia mchote mapema!"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, halafu wakakumbuka kwamba hakuna maji na kwamba milango yao iko Makina kwa shemeji, wakataka kumpiga. Mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: jirani yangu ameondoka bure. Na nilipogeuka nikamwona keateka, mwangalizi wa ploti yetu, anakuja na mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni, anamwonyesha chumba cha jirani.

"Hapo hapana!" nikasema. Nikaingia kwangu mbio, nikachukua kufuli la mlango wangu, nikafunga hicho chumba, nikaweka ufunguo kifuani. "Mwenyewe anarudi leo."

"Mathe, mwenyewe amehama."

"Amehama kwa uwongo! Naenda kumleta."

Keateka alimtazama mgeni, akanitazama mimi. Alinijua mdomo. "Jua likizama kama hajafika, chumba kina mtu."

Nilitembea nusu nikikimbia. Nilipanda mpaka Barabara ya Ngong, nikapita Dagoretti Corner, nikashika ile ya Kawangware, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope. Njia nzima nilikuwa napanga namna nitakavyomsimulia, yule wa spana, yule wa msumeno, na namna atakavyocheka. Niliulizia muuza makaa mgeni, nikaelekezwa. Nilimkuta ameshapanga mikebe yake ya makaa mbele ya nyumba ya dada yake, vizuri kabisa, midogo mbele, mikubwa nyuma.

"Rudi!" nikapaza sauti hata sijamsalimia. "Ilikuwa ya maji! Laini ya maji! Nimekushikia nyumba, nimeifunga na kufuli langu!"

Hakucheka. Alinisogezea kigoda. "Keti, jirani."

"Siketi. Keateka anangoja."

"Nilijua ni ya maji."

Nikaketi.

"Alhamisi nilikuwa pale kwa bomba," akasema. "Nilimfuata nikamuuliza laini gani. Akaniambia."

"Na ukanyamaza? Tumelala juu ya matita kama watu wa stesheni, na wewe unajua?"

"Ningesema, ungeniuliza basi naenda wapi." Alikuwa anajifuta mikono kwenye leso, anaifuta tena, na bado ilikuwa nyeusi. "Kila kiangazi nafunga mizigo. Mara moto, mara bomoabomoa, mara nini. Kila kiangazi naifungua. Nimechoka kuifungua. Sikuwa na sababu ya kuhama, jirani. Hiyo ikaja, nikaishika."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye ungenizuia. Na ningekaa."

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilimwambia ni mnafiki. Nilimwambia na samaki hajui kupika, kweli kabisa, si utani. Akanipa maji kwenye kikombe, nikayanywa yote kwa sababu kiu haina kisirani. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tukashikana mikono kama watu waliotoka kanisani, akarudi kwa makaa yake.

Nilirudi taratibu. Hakukuwa na haja ya kukimbia. Jua lilikuwa bado lipo nilipofika, na yule mwanamke mgeni alikuwa ameketi chini mlangoni pa hicho chumba, mtoto amelala mapajani, bonge la mzigo kando yake. Alipoona nakuja alisimama haraka, nadhani keateka alikuwa amemwonya kunihusu. Nilitoa ufunguo kifuani nikafungua kufuli.

"Ingia, ni yako."

Akashukuru sana. Kisha akamwinua yule mtoto kidogo ili nimwone uso, na akaanza kunitajia jina lake, nijue nitakuwa namwita yeye mama nani, kama tulivyokuwa tukifanya na kila jirani mpya.

Nikamwekea mkono begani. "Usiniambie leo, mama," nikasema. "Niambie kesho."