Punda wa bibi na daraja la gazetini

Leo mchana sijala na wenzangu, kwa aibu.

Mnajua mimi ni kibarua wa shamba la ngano huku Hanang, na kwetu Kigoma ni mbali. Uchovu naupoza kwa kusoma makala za uhandisi kwenye magazeti makuukuu.

Asubuhi nilikaa kando ya mtaro nikisoma jinsi mafundi walivyojenga daraja juu ya bahari. Nilikuwa nimenogewa.

Akaja bibi mmoja wa kijiji jirani cha Mogitu.

"Kijana, nisaidie. Gogo la kuvukia limevunjika, punda wangu yumo mtaroni na mahindi ya kupeleka mashineni."

Bila kuinua macho nikasema, "Subiri bibi, nimalizie hapa, ndiyo wanaunganisha daraja."

Ndiyo, nilisema hivyo.

Wenzangu wawili walikimbia na kamba ya trekta wakamvuta punda. Mahindi yalikuwa yameshalowa, na hicho ndicho chakula cha wajukuu wake.

Nilipofika, bibi alinitazama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, injinia."

Bibi wa umri ule kuniamkia mimi. Hakuna aliyecheka.

Kesho nikienda kazini nitapita mlangoni kwake. Nyinyi mngeanzaje kumwomba radhi?